Siku moja na faiba, Matondoni, Lamu

Saa kumi na mbili asubuhi niko pwani, nishakunywa chai. Mafundi wenzangu wanachonga mataruma ya jahazi. Mimi wananiita fundi wa plastiki. Waniite watakavyo, faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya rezini, nayo ina ufundi wake.

Mwezi huu nina Nicholson 32, mashua ya tanga ya Uingereza, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1963. Huku kwetu ni adimu. Wakati ule faiba ilikuwa ngeni, wakaitandika nene, ndiyo maana bado inaokoleka. Mkuku ni mrefu, madini ya risasi ya kuipa uzito yamefungiwa ndani. Tuliipandisha kwa maji ya bamvu, tukaiegemeza kwa boriti za mikoko.

Hadi saa nne ni grenda na msasa. Vumbi la faiba huingia shingoni likawasha hadi usiku.

Saa nne akaja mwenye mashua, na hapo siku ikasimama.

"Fundi, ziba hayo malengelenge ya faiba, upake rangi. Bamvu lijalo tuishushe, nataka kaskazi inifikishe Kilifi."

Nikatoboa lengelenge moja kwa patasi. Maji yakachuruzika, nikampa anuse: siki tupu. Nikamweleza kwamba maji yamepenya na kuila rezini. Ukiyafungia ndani kwa rangi, yatainuka tena. Dawa ni kufungua yote, kuosha kwa maji matamu na kukausha kwa wiki kadhaa. Akampigia rafiki yake, ambaye yake ilizibwa kwa siku chache tu. Akapiga tena. Akataka nipunguze bei kwa kuwa "ni rangi tu". Nikampeleka ubavuni, pale nilipobandika kipande cha nailoni jana na kukizungushia tepu. Ndani kilikuwa kimelowa umande.

"Hiyo imetoka wapi, bwana, na mvua hakuna?"

Akanyamaza, kisha akaanza upya habari za Kilifi. Nilikosa hata chakula cha mchana.

Alipoondoka nikarudi kwenye usukani, una ufa. Kwa joto hili rezini huchanganywa kikombe kimojakimoja; ukijaza kopo, huchemka na kuganda kabla hujachovya brashi. Tabaka, rola, kutoa hewa, tabaka tena. Mgongo uliniuma mpaka nikapiga magoti mchangani, lakini hakuna kiputo hata kimoja kilichobaki, na hilo nalisema kwa fahari.

Karibu na magharibi mwenye mashua akarudi, akauliza bei ya madumu ya maji matamu. Nikamtajia, pamoja na ujira wa punda. Akalipa ya wiki ya kwanza.