Mtoto yuko kwenye taa kwa sababu ya manjano: madhara yapi ya kawaida na yapi ya kuita nesi

Jamani naona wazazi wengi wanauliza kama ile taa ya bluu wanayowekewa vichanga wenye manjano ina madhara, na wengine wakishasikia tu neno madhara wanataka kumbeba mtoto waende zao nyumbani. Naomba usimtoe. Bilirubini, ile rangi ya njano iliyozidi kwenye damu, ikipanda sana inaingia mpaka kwenye ubongo na ikishaharibu huko hakuna kurudi nyuma, mtoto anaweza kubaki kiziwi au na shida ya viungo maisha yake yote. Madhara ya taa mengi ni madogo na yanaisha ikishazimwa. Ila kuyajua ni lazima, maana nesi ana watoto wengine, wewe ndio unakaa na wako.

Mimi kilichonishtua kuliko vyote ni choo. Nafungua daipa nakuta maji maji ya kijani yamepanda mpaka mgongoni, nikajua mtoto kashikwa na tumbo. Nesi akanielewesha kwamba hiyo ndio bilirubini yenyewe inatoka, ule mwanga unaibadilisha umbo ili ini liweze kuitoa kwa urahisi kupitia nyongo, inashuka kwenye utumbo na choo kinakuwa laini cha kijani. Kwa hiyo choo chenyewe kisikutie hofu, hofia maji anayopoteza, kwa sababu anaharisha na hapo hapo yuko uchi chini ya taa na ngozi nayo inapoteza maji.

Ndio maana kunyonyesha hapa si jambo la kusubiri alie. Mtoto mwenye manjano analala sana, hata njaa haimwamshi, mwamshe wewe kila baada ya saa 2 au 3. Wengi wanaogopa kumtoa kwenye taa ili anyonye, muulize daktari, kama kiwango hakijapanda sana huwa wanaruhusu kumtoa kidogo. Ukiona daipa zinakaa kavu, midomo imekauka, utosi umebonyea au amelegea hataki titi, ita nesi hapo hapo usingoje raundi.

Macho nayo. Anafunikwa ili mwanga usimuumize, lakini akijinyonganyonga kile kifuniko kinateleza kinashuka mpaka puani, na kichanga hawezi kukitoa mwenyewe. Kila ukimwangalia anza na pua. Akinyonya mfunue, mwangalie kama ana tongotongo au wekundu, na yeye akuone.

Vipele vidogo vyekundu vinatokea, vinapotea vyenyewe, usipake mafuta yoyote bila kuuliza. Joto la mwili linaweza kupanda au kushuka, hasa kwa njiti, ndio maana wanampima mara kwa mara. Kuna wachache ngozi inageuka rangi ya shaba, inatokea kwa wale ambao ini au nyongo ina tatizo, hiyo daktari lazima aijue.

Halafu kuna hili la kusema taa si ni sawa na jua, basi nimwanike nje. Hapana! Taa za kisasa hazitumii ile miale ya jua inayounguza ngozi, jua linayo, na hakuna anayeweza kukupimia dozi ya jua.

Kingine, akiwa kwenye taa usipime manjano kwa macho. Ngozi inatakata haraka wakati kwenye damu bado ipo juu, kwa hiyo wakikuambia kapona uliza damu imesemaje. Na taa ikishazimwa bilirubini inaweza kupanda tena, hasa kwa njiti au mtoto ambaye damu yake haikupatana na ya mama, hivyo kabla hujaondoka wakuandikie siku ya kurudi kupima, na uende hata kama unamuona mweupe kabisa.