Maharage, geji na ndege ya povu

Aliyegundua wa kwanza ni mke wangu, ila mimi sikumsikiliza. Tulikuwa na wiki mbili tu tangu tuhamie Mbeya. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi: "Baba Rukia, haya maharage ya huku yana nini? Yako jikoni tangu adhuhuri na bado yanagonga meno." Nikamjibu kijuujuu kwamba kauziwa ya mwaka juzi, nikarudi kwenye ndege yangu, ile ndogo ya kuchezea inayoongozwa kwa rimoti.

Mimi ni fundi wa mafriji, mzaliwa wa Tanga. Kwetu husemwa waja leo warudi leo, lakini mimi kazi ilinibeba mpaka huku nyanda za juu, na kurudi ni kwa likizo tu. Ufundi huu una neema moja ambayo wengi hawaioni: povu. Lile povu gumu jeupe linaloshikilia friji jipya ndani ya boksi. Wateja hulitupa, watoto hulivunjavunja, upepo ukaja ukalisambaza mtaa mzima. Mimi hulifunga kamba nyuma ya pikipiki nikaenda nalo nyumbani, na majirani walishazoea.

Kabla ya povu nilikuwa mtu wa tiara, kama mtoto yeyote wa Tanga. Vijiti vya chelewa ulivyoviiba kwenye ufagio wa mama, gazeti, uji mzito badala ya gundi. Tiara bila mkia inazunguka kama kichaa mpaka inajipiga chini. Ukiifunga kitambaa nyuma inatulia. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasoma kwa nini ndege ina mkia, nilijikuta natabasamu peke yangu.

Ndege yangu ya kwanza haikuruka kabisa. Niliiunganisha kwa ile gundi ya kukausha papo hapo, na gundi ikalila povu mbele ya macho yangu, likayeyuka kama sukari kwenye chai. Rangi ya kupuliza ni hivyo hivyo. Siku hizi natumia gundi nyeupe ya mbao na subira ya usiku mmoja, na pale penye haraka gundi ya moto, tena kidogo.

Kukata bawa ndiko ninakokupenda kuliko hata kurusha. Nina upinde wa mti wa mpera, na badala ya kamba nimeuvisha waya niliouchomoa kwenye koili ya jiko bovu la umeme. Kipande kifupi, nyuzi zake mbili zinakwenda kwenye betri ya pikipiki ya volti 12. Waya ukipata moto unapita kwenye povu kama kisu kwenye samli. Nabandika vibao viwili vyembamba vyenye umbo la ubavu wa bawa, kimoja kila mwisho, kisha naburuza waya juu yake taratibu. Mwendo ukiwa mmoja, bawa linatoka laini. Ukisita hata kidogo, waya unachimba shimo na huna la kufanya. Kazi hii ifanyikie uani, si chumbani, kwa sababu ule moshi si wa kuvutwa.

Bawa la ndege niliyohama nayo lilikuwa na mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 20. Ndani yake nimezamisha ufito wa mwanzi, na juu limekazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ile ile ya manati. Sikulibandika kwa makusudi. Ndege ikijigonga, mpira unaachia, bawa linaruka pembeni likiwa zima. Pamoja na betri yote ilikuwa gramu 900.

Vitu vya umeme ndivyo vilivyonila fedha. Mota inaitwa 2212, maana yake kile kiini chenye nyaya ndani yake kina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha 12. Betri ni ya lithiamu, seli tatu, volti 11.1. Ilikuja kwa meli kutoka China, maana mawakala wa mizigo ya ndege wakisikia neno lithiamu wanarudisha boksi mezani. Betri hizi zina tabia zake. Seli ikijaa ni volti 4.2 na isizidi hapo, ukiruka usiishushe chini ya 3.5 au hivi, na ukitaka kuiweka kabatini iache kwenye 3.8. Mimi huzichajia ndani ya chungu kilichopasuka mdomo, chini nimemwaga mchanga, na siondoki mpaka zijae. Chungu chenyewe kilikuwa cha mama mkwe, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, lakini tuache.

Tanga ndege hii ilikuwa raha. Nilikuwa nasubiri maleleji, ile miezi ambayo kusi imeshachoka na kaskazi haijaamka, naenda Raskazone maji yakipwa, nairusha kwa mkono. Nikiisukuma kidogo tu, inashika hewa, inakwenda. Nikishusha mota inaelea kama inafikiria. Ilinizoesha vibaya.

Mbeya niliirusha mara ya kwanza Jumapili moja ya Juni, asubuhi na mapema, kwenye uwanja wa mpira nje kidogo ya mji. Nilikuwa nimekwisha ongea na mwenyekiti wa mtaa, na niliuliza pia masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mtu anayetaka kuanza mchezo huu naye aulize kabla hajanunua hata skrubu. Baridi ilikuwa ya kukaza vidole, mlima Loleza umejifunika wingu, hakuna jani linalotikisika. Nikasema kimoyomoyo, hii ndiyo maleleji ya bara.

Nikaisukuma kama ninavyosukuma siku zote. Ikatoka mkononi, ikainua pua, ikasita, kisha bawa la kushoto likaanguka na ndege nzima ikalifuata. Nikaifunga mipira, nikarudia. Kushoto tena. Mara ya tatu niliisukuma kwa hasira, ikavuka uwanja, ikavuka na njia ya miguu, ikaingia kwenye shamba la maharage.

Shambani alikuwemo bibi mmoja na jembe lake. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisimama akaitazama ile ndege iliyolala katikati ya matuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiki ni cha kwako?"

"Cha kwangu, bibi. Naomba unisamehe, nimekuharibia maharage."

"Kinabeba nini?"

"Hakibebi kitu."

"Sasa kinakwenda wapi?"

"Hakiendi, bibi. Kinazunguka halafu kinarudi."

Akafikiri kidogo. "Kama kuku," akasema, akaendelea kulima.

Nilinunua kwake debe zima la maharage ili roho yangu itulie, nikaenda nalo nyumbani, na mke wangu akaniangalia kwa jicho ambalo waliooa wanalijua.

Majuma mawili nilihangaika na uzani. Nikaibeba ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, sentimita tano na nusu kutoka ukingo wa mbele, ikakaa sawasawa. Nikabadilisha sevo, vile vimota vidogo vinavyogeuza vibao vya bawa na mkia, nikanyoosha mkia. Nikailaumu baridi, maana betri za lithiamu kweli hulegea zikipoa, nikawa naiweka betri kwapani kabla ya kurusha. Ilisaidia kidogo sana.

Jibu lilinijia kazini. Kabla ya kujaza gesi kwenye friji tunanyonya kwanza hewa yote kwa pampu, na geji, yaani kipimo cha presha, inashuka chini ya sufuri. Tanga sindano ilikuwa inakaribia inchi 30 za zebaki, nikaizoea hapo. Huku ilikuwa inakomea 24 na nusu hivi. Nilishamwaga oili ya pampu mara mbili, nilishabadilisha mipira ya hosi, nilishaanza kudunduliza fedha za pampu mpya. Siku hiyo nimekaa kwenye ndoo nasubiri sindano, ikanijia: pampu haina kosa. Geji hii inapima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa iliyonizunguka mimi. Ndani hakuna kitu. Kilichopungua ni huku nje.

Nikampigia mke wangu hapo hapo. Nikamwambia maharage hayana laana. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na kitu, si 100, kwa hiyo yanatokota vizuri lakini hayana moto wa kutosha. Akasema, "Mimi nilikuambia." Na kweli aliniambia. Tukanunua sufuria ya presha.

Kwa upande wa ndege, hesabu ni hii. Hewa ya huku ina uzito wa kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Bawa lile lile na mzigo ule ule, linahitaji mwendo zaidi ili lisianguke, kama asilimia 8 au 9 zaidi. Ni kidogo ukiisikia, lakini mimi Tanga nilikuwa naisukuma kwa kipimo cha kutosheleza tu, bila akiba. Na propela nayo ni bawa linalozunguka, kwa hiyo nayo inashika hewa pungufu na kuvuta kwa uvivu. Kuhusu kushoto, mota ikizungusha propela upande mmoja, mwili wa ndege unataka kuzunguka upande wa pili, na ndege ikiwa haina mwendo hakuna kinachoizuia.

Nina mita ya klampu inayosoma hata umeme wa betri, nikapima. Propela ya inchi 10 iliyokuwa ikila ampea 16 kule nyumbani, hapa ilikuwa inakula 14 tu. Nafasi ipo. Nikaweka ya inchi 11, ikafika 18. Nikakata bawa jipya la mita 1.4 kwa upana ule ule. Nikajifunza kusukuma ndege ikiwa imelala usawa, bila kuinua pua, na kuiachia ikimbie kwanza kabla ya kupanda. Jumapili iliyofuata ikatoka mkononi, ikakimbia, ikapanda juu ya uwanja. Bibi wa maharage alisimama na jembe akaiangalia mzunguko mzima, kisha akainama tena.

Watu huniuliza mchezo huu una faida gani. Huwa nawasimulia habari za Maynard Hill, Mmarekani. Mwaka 2003, akiwa na miaka 77, macho karibu yamekwisha na masikio pia, alirusha ndege ya mbao nyepesi ya balsa, chini ya kilo tano, kutoka Newfoundland kule Kanada. Ilivuka Atlantiki peke yake, ikiongozwa na kompyuta ndogo na setilaiti, ikatua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52. Aliipa jina TAM-5. Ile 5 ndiyo huniacha hoi, maana zilizotangulia hazikufika. Simulizi hii haijibu swali lao hata kidogo, ila wanaacha kuuliza.

Rukia sasa ana miaka kumi na moja na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Kilichomshinda mwanzoni ni kile kinachomshinda kila mtu: ndege ikikujia, kulia kwake ni kushoto kwako. Nilimwambia asiwaze kulia wala kushoto. Bawa likishuka, sukuma fimbo ya rimoti upande ule ule lilikoshukia, kama unalitia mto chini. Ndani ya asubuhi mbili alikuwa ameshika. Mimi ilinichukua miezi na ndege tatu.

Mwezi Novemba tulikwenda Tanga likizo, ndege imelala kwenye buti la basi, imefungwa kwenye kanga mbili. Nilitaka wadogo zangu waione. Maleleji, maji yamepwa, mchanga umeachwa wazi. Rukia ndiye aliyeirusha, na ilipaa kabla hata sijamaliza kunyoosha mkono. Baada ya dakika nne nikamwambia ateremshe, mota isije ikaungua, maana propela ya inchi 11 kwenye hewa nzito ya kwetu ilikuwa inakula ampea zaidi ya 20. Akazima mota, akaielekeza kwetu. Ikaja chini kiunoni, ikatupita. Ikaendelea. Mita 1.4 za bawa lililokatwa kwa ajili ya Mbeya, sasa limekuta hewa ya pwani, halikuwa na haja yoyote ya kutua. Ikamaliza mchanga wote, ikavuka mtumbwi uliolala ubavu, ikaenda kukaa juu ya maji polepole kabisa, bila hata kurusha tone.

"Baba, nimetua?" Rukia akauliza.

Mdogo wangu aliifuata, maji magotini, anacheka mpaka anashindwa kutembea. Tuliimwagia ndoo tatu za maji baridi ya bomba kutoa chumvi, tukaianika juu ya paa mpaka kesho yake. Mota imepona, risiva inayopokea amri za rimoti imepona. Sevo moja ya bawa bado inalia kama mbu.