Jinsi nilivyopima ujumbe wa kuwakumbusha wajawazito kliniki, mkoani Lindi

Swali lilikuwa moja: mjamzito akikumbushwa kwa ujumbe wa simu, anahudhuria kliniki zaidi? Kulinganisha kabla na baada hakufai, hasa huku kwetu Kusini. Ukianza Agosti ukamaliza Novemba, msimu wa korosho umeingia katikati, familia zimehamia mashambani, mahudhurio yameshuka, nawe utailaumu simu. Makundi mawili, lenye ujumbe na lisilo na ujumbe, yaende sambamba, tarehe zilezile.

Kura ya kugawa makundi hayo niliipiga kwa zahanati, si kwa mama mmoja mmoja. Kwenye benchi la kliniki wanawake husomeana ujumbe, kwa hiyo asiyepangiwa naye hukumbushwa na tofauti hufifia. Gharama yake ni idadi. Hesabu ya kawaida ilinitaka wanawake 200 kila upande. Kwa kuwa wa zahanati moja hufanana, nilizidisha kwa 1 + (m − 1) × r: m ni wanawake kwa zahanati, r ni kiwango cha kufanana kwao. Kwa m 20 na r 0.05 inakuja 1.95, yaani wanawake 390. Nikagawa kwa 0.85 kufidia asilimia 15 ya watakaopotea, nikapata 459: zahanati 23 kila upande.

Nesi akishajua upande wake, huvutika kuandikisha wanaoonekana watafika. Tulichukua kila mwenye simu aliyekuja hudhurio la kwanza, kwa mfuatano wa daftari, hadi 20. Simu iliulizwa pande zote mbili, la sivyo utalinganisha walio nacho na wasio nacho.

Ujumbe wenyewe ndio ulionila muda. Kwa herufi za kawaida ujumbe mmoja hubeba 160. Jina kama Ng'apa likiandikwa kwenye kompyuta, alama ya ng' hujipinda yenyewe, na ujumbe wote unashuka hadi herufi 70; unalipia mara mbili au tatu bila kujua. Nilirudisha alama iliyonyooka, nikajaribu kila jina la zahanati kwenye simu ya vitufe kabla ya kutuma. Simu nyingi ni za nyumba nzima, hivyo tuliandika siku na mahali tu, bila kutaja ujauzito wala kipimo chochote, na mama alichagua namba mwenyewe.

"Imetumwa" si "imefika". Niliomba mtambo utunze ripoti ya kufika kwa kila namba, maana laini iliyofungwa au simu isiyo na chaji haionekani kwenye orodha ya zilizotumwa. Hata hivyo, ambaye ujumbe haukumfika alihesabiwa kwenye kundi alilopangiwa. Ukimwondoa, unabaki na wenye chaji na mtandao, ambao pengine wangefika kliniki hata bila kukumbushwa.

Mahudhurio yalinakiliwa na mtu asiyejua upande wa zahanati, kwenye daftari kwanza, kisha kwenye kadi ya mama. Kadi haikwepeki: wengi hurudi kwao kujifungua, na hudhurio la Masasi au Newala halimo kwenye daftari la Lindi.