Gobori langu la Ohio lina majina matatu na hamna hata moja la fundi wake

Naishi Ohio mwaka wa tisa sasa na mwaka jana nikanunua gobori, ndio gobori, la kushindilia kama alilokuwa nalo babu kule Sikonge, ila hili ni la Kimarekani, la fataki (kile kikombe kidogo kinacholipuka nyundo ikikigonga) sio la gumegume (jiwe la kutoa cheche). Nililikuta kwenye mnada wa vitu vya marehemu, limelala mezani kati ya pasi ya mkaa na masufuria, na mzee anayeuza ananiambia hii ni Hawken kijana wangu. Hawken walikuwa ndugu wawili wa St. Louis, Jacob na Samuel, bunduki zao ndo walizipenda wawindaji wa kule milimani magharibi, Jacob akafa kwa kipindupindu 1849 Samuel akaendelea na kazi. Ya kwao kweli inaenda maelfu ya dola, sasa huyu anataka mia nne? Halafu wao walikuwa wanagonga jina juu ya mtutu, hapa juu naona kutu tu. Nikamshusha mpaka 350. (Kwa wanaojiuliza: sheria ya taifa huku Marekani inahesabu bunduki iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma kuwa ni ya kale, ila kila jimbo lina mambo yake, ulizia kwanza.)

Kufika home nikafanya alichokuwa anafanya babu, nikatumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, ndani ya mtutu mpaka ukagota, nikatia chaki pale mdomoni, nikautoa nikaulaza kwa nje ya mtutu. Ulitakiwa ufike karibu na pale fataki inapokaa. Ukaishia vidole vitatu kabla. Jamani!! Lina mzigo ndani, na mimi nimetoka nalo mnadani kwenye buti watoto wamekaa siti ya nyuma. Baruti nyeusi ikiwa kavu haijali imekaa miaka mingapi, inalipuka tu. Sikuligusa tena, nikamwita fundi bunduki, akafungua kile kichuchu cha fataki akafunga pampu ya grisi, akapampu taratibu, mtutu umeelekezwa kwenye ndoo ya mchanga, na risasi ikatoka polepole kama dawa ya meno, ya duara, imefungwa kitambaa ambacho nyuzi zake bado unaziona, nyuma yake uji mweusi.

Sasa nani kalitengeneza? Pembeni kwenye mtambo wa nyundo imeandikwa GOULCHER, nikakesha wiki nzima nikimtafuta Goulcher, kumbe mitambo yenye jina hilo ilikuwa inauzwa madukani tayari imetengenezwa, iko kwenye bunduki za mafundi kibao. Nikagonga kabari inayoshikilia mtutu ikatoka, mtutu ukanyanyuka kwenye mbao, chini yake REMINGTON, CAST STEEL. Hapo nikajiona tajiri. Wapi! Eliphalet Remington alianza na mitutu, toka 1816 kule New York, na kampuni ikawa inawauzia mafundi wa vijijini. Yaani ni kama seremala wa Keko, bawaba na kitasa ananunua hadweya lakini kabati ni lake.

Jamaa wakanishauri nipige msasa ile kutu ili nione kama kuna jina, bahati sikuwasikiliza maana ungeondoka na kutu na herufi na thamani yote. Nilipaka mafuta kidogo, nikafuta na kitambaa, usiku nikazima taa nikamulika tochi kwa ubavu, na kweli zikatokea herufi mbili, moja imeliwa nusu. Nikaweka karatasi juu nikasugua na penseli, kama tulivyokuwa tunachora sarafu shule ya msingi.

Na karatasi hiyo nikaenda maktaba ya wilaya ulikofanyika mnada, kwenye sensa ya 1860, wale waliandika mpaka kazi ya mtu. Macho yaliniuma, mwandiko wa karani ule ni kama kuku kapita. Siku ya tatu nikampata mmoja mwenye herufi hizo, kazi yake fundi bunduki, umri 34. Nikarudi sensa ya 1850 nimwone alipokuwa kijana, yupo, kijiji kile kile, kazi: seremala.

Nilirudi nyumbani nikafungua kile kibati cha kwenye kitako, ndani mbao haijapakwa kitu, patasi imepita mara nne, safi kabisa.