Duara kwenye kioo

Julai ikishika hapa Dodoma, kioo cha mbele hupata ukungu kwa ndani kabla hatujatoka hata getini. Watu wanne ndani ya gari, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya saa kumi na mbili, pumzi tu zinatosha. Na kila ukungu unapotanda, duara lile hujitokeza: ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai, kushoto kwa usukani, vidole vinne juu ya dashibodi. Nimelisugua kwa spiriti, kwa gazeti lililoloweshwa, hadi kwa dawa ya meno. Halitoki. Mpira wa kishikio cha kifaa cha GPS, kile kidude cha kuonyesha njia, uliacha mafuta yake pale miaka mingi, na mvuke haupashiki kama unavyoshika kwingine.

Wiki iliyopita binti yangu wa mwisho aliinuka kutoka kiti cha nyuma, akapenyeza mkono kati yangu na babu yake, akagusa kioo. "Babu, hili duara ni la nini?"

Jibu la babu nitalifikia.

Kidude chenyewe kipo kwenye droo, pamoja na waya wake. Jioni ile nilikichaji nikakitoa nje. Kifaa cha GPS kilicholala muda mrefu hakitaki papara. Kiweke juu ya boneti, mbingu ikiwa wazi, si chini ya mwembe wala barazani penye bati, na usianze kuendesha. Kinatafuta walau setilaiti 4, nazo ziko juu kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatangaza mahali ilipo, na tangazo hilo huchukua sekunde 30 kuingia lote. Tawi likilikatiza katikati, linasubiriwa zamu ijayo. Ratiba ya setilaiti zote kwa pamoja huchukua dakika 12 na nusu. Wengi wanaosema "hiki kimekufa" wamekipa dakika mbili, tena wakiwa wanatembea. Changu kilichukua kama dakika tisa, kikaonyesha nyumba yangu sawasawa, kisha kikaandika tarehe ya miaka karibu 20 nyuma. Huo nao si ugonjwa. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza tena sifuri, na ilianza upya Aprili 6, 2019. Kifaa ambacho programu yake haijasasishwa hujikuta kimerudishwa nyuma.

Basi. Mwaka 2013, Juni. Rafiki wa baba mkwe, ndiye huyo babu, waliyetoka naye jando moja, alikuwa amefariki katika kijiji kimoja kusini mwa Bahi. Maziko saa nane mchana. Baba mkwe kijiji alikijua, ila alikijua kwa treni: unashuka Bahi stesheni, unapokewa, unatembea. Kwa gari hakuwahi kwenda. Mpwa wa marehemu, aliyekuwa akifanya kazi na wachimba visima, akanitumia ujumbe wa simu: *6 12.3 S, 35 16.1 E*. Nikafurahi. Niliona hiyo ndiyo lugha yangu na yeye.

Nikaziingiza usiku, nikiwa nimekaa kitandani. Sehemu ya kuandika nyuzi, yaani digrii za latitudo na longitudo, ilikuwa na visanduku viwili, na juu ya kila kimoja herufi ya kuchagua. Herufi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: ukiiacha N ya kaskazini badala ya S ya kusini, Dodoma yako inahamia kusini mwa Ethiopia. Hilo nililijua, nikaweka S, nikajisifu.

Safari yenyewe haina mengi. Lami hadi Bahi, kama kilomita 60, kisha vumbi. Kishikio kilidondoka mara moja, kwa sababu sikukifuta vumbi kabla ya kukibandika. Mpira unataka kioo kisafi na unyevu kidogo, na jua la saa sita likiupata huwa laini kama maini. Halafu chaji ikakata. Hapo ukiona taa ya plagi imezima, usikimbilie kulaumu gari. Fungua kichwa cha plagi, kile kinachozungushwa kwa vidole; ndani yake mna springi na fyuzi ndogo ya kioo. Barabara za makorongo hulegeza kile kichwa chenyewe, na mara nyingi fyuzi ni nzima kabisa, ni kukaza tu. Nilikaza, taa ikawaka.

Kidude hakikuwa na Kiswahili. Kulikuwa na mama wa Kiingereza anayetamka Bahi kana kwamba ni jina la mbwa wake. Baba mkwe alikuwa akimwitikia, "Naam, tumesikia." Mama huyo alisema tungefika saa saba kasoro. Usiamini saa hizo porini. Ramani imeipa kila njia daraja, na kila daraja lina mwendo wake wa kudhaniwa. Hakuna aliyemwambia kwamba "barabara" ile kuna mahali ni nyayo za ng'ombe. Saa saba ikapita tukiwa kwenye gia ya pili.

Saa nane na dakika arobaini ndipo aliposema tumefika.

Nilisimamisha gari kwa sababu njia iliishia pale. Mbele yetu ilikuwa mbuga tupu, udongo mweusi uliopasuka nyufa za kuingiza kiganja, mabua ya mpunga yaliyokatwa yamesimama mistari mistari ndani ya majaruba. Mbuyu mmoja mbali. Kwenye kioo cha kidude kilipepea kile kibendera cha miraba myeupe na myeusi, na mshale wetu ulikuwa umekikalia juu kabisa. Hakuna nyumba. Hakuna moshi. Upepo ulikuwa unapita kwenye mabua ukitoa sauti kama mtu anayepepeta.

Baba mkwe hakuuliza. Alivaa koti lake, koti la kijivu alilolikunja magotini njia nzima lisipate vumbi. Akafunga vifungo vyote vitatu. Akachukua mfuko wa sukari na kitenge cha mjane, akafungua mlango, akashuka, akaanza kutembea kuelekea mbele. Alidhani watu wako nyuma ya kichaka fulani. Mama wa Kiingereza alikuwa amesema tumefika, na yeye alishamwitikia njia nzima, angeanzaje kumkatalia mlangoni? Nilimtazama akivuka tuta la jaruba kwa viatu vilivyopigwa rangi asubuhi, ameinua mfuko usiguse mabua, hatua ishirini, thelathini, kisha akasimama na kugeuza kichwa polepole, kushoto, kulia.

Kijana mmoja alikuwa akichunga ng'ombe pembeni. "Mbukwa," mzee akasema. Wakazungumza Kigogo, sikukamata zaidi ya jina la kijiji. Yule kijana alilipa jua kisogo, akanyoosha fimbo kusini-mashariki, akaiacha juu muda mrefu. Watu wakinyoosha mkono hivyo bila kuushusha, ujue ni mbali.

Nilibonyeza alama ya gari ili kidude kiniambie kilipo. Kikaandika: S 6.123, E 35.161. Nikafungua simu. *6 12.3 S, 35 16.1 E.* Nikavitazama vyote viwili, kimoja mkono huu kingine mkono huu, kama mtu anayelinganisha noti ya halali na ya bandia.

Yule mpwa aliandika nyuzi na dakika, kama vile vifaa vya mkononi vya wachimba visima vinavyoandika. Kidude changu nilikuwa nimekipanga kisome nyuzi kwa desimali, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nanakili kutoka kwenye kompyuta. Dakika ziko 60 katika nyuzi moja, si 100. Dakika 12.3 ukizigawa kwa 60 unapata 0.205, mimi niliandika .123. Dakika 16.1 ni 0.268; mimi niliandika .161. Kila dakika moja unayoichukulia hivyo inakutupa mita 740 hivi, na kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta na mashariki ya Greenwich, kosa hili siku zote hukuvuta kaskazini-magharibi. Mimi lilinivuta kilomita 9 kaskazini na 12 magharibi. Kwa mstari ulionyooka ni 15 kasoro kidogo.

Dalili ilikuwepo, ukijua pa kutazama. Mtu akikutumia namba za sehemu kadhaa na ukaona tarakimu mbili za mwanzo baada ya nyuzi hazivuki 59 hata mara moja, hizo ni dakika. Akikutumia moja tu, mpigie umuulize. Na kabla ya kuwasha gari, bana ramani hadi uone bendera imekaa wapi: kwenye nyumba, au kwenye weupe mtupu. Nami wakati huo namba ya mpwa nilikuwa nayo, na salio lilikuwepo.

Mzee alirudi. Alifungua mlango, akaupumzisha mfuko kwenye kiti kwanza, kama mtoto. "Imekosea?"

Simu ilikuwa bado mkononi, ujumbe uko wazi.

"Imekosea, baba," nikasema.

Nilihesabu kwenye simu, nikaingiza upya, tukarudi. Kilomita 15 za ndege zilikuwa zaidi ya 30 za gari, maana kuna korongo lisilovukika pale na lazima ulizunguke. Tulifika saa kumi na moja kasoro. Walikuwa wamemsubiri hadi saa kumi. Watu walikuwa wananawa mikono kwenye beseni la bati, maji yameshakuwa mekundu kwa udongo. Baba mkwe alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi, akaokota udongo kiganja kimoja, akaudondosha juu ya ule waliokwisha kuufukia. Kisha akarudi akanawa na wengine.

Njiani kurudi hakusema kitu hadi Bahi. Pale akasema tununue mkaa, wa huku ni mzuri.

Kidude nilikitumia miaka mingine mitatu, hadi simu zilipokiondoa kazini. Hakikuwahi kunipoteza tena, na kila tulipopanda naye mzee alikuwa akiketi kimya yule mama akizungumza. Hakumwitikia tena. Niliwahi kufungua mdomo mara mbili, mara moja tukiwa Manyoni na mara nyingine kwenye harusi ya shemeji. Mara zote mbili nikajikuta naeleza habari za fyuzi.

Sasa wiki iliyopita, mtoto kidole kiko kwenye kioo, na mzee akalitazama lile duara muda kidogo.

"Hapo," akasema, "alikuwa anakaa mwongo."

Binti akacheka. "Ameenda wapi?"

"Muulize baba yako."

Nikanyoosha mkono kuwasha feni ya kioo. Joto lilianza kutoka, ukungu ukawa unayeyuka kuanzia chini, taratibu, na duara nalo nusu yake ya chini ikapotea kwanza.