Michezo 22 Ambayo Kawhi Leonard Hakucheza

Wapenzi wengi wa mpira wa kikapu wanapoukumbuka ubingwa wa mwaka 2019 wa Toronto Raptors, timu ya Kanada katika ligi ya NBA, hukumbuka mtupo mmoja, ule wa nyota wao Kawhi Leonard dhidi ya Philadelphia uliogonga ringi mara nne kabla ya kutumbukia. Nami naupenda mno mtupo ule, lakini ninaamini kwamba ubingwa ulijengwa mapema zaidi, katika michezo 22 ya msimu wa kawaida ambayo Leonard hakuingia uwanjani kabisa.

Msimu wa 2017/18 Raptors walishinda michezo 59, kisha kwenye mchujo, ambapo timu ya kwanza kushinda michezo minne ndiyo husonga mbele, wakang'olewa na Cleveland ya LeBron James kwa michezo minne bila jibu. Rais wa timu, Masai Ujiri, ambaye amekulia Nigeria na ambaye mama yake ni Mkenya, alimwondoa kocha Dwane Casey, akampandisha msaidizi wake Nick Nurse, na Julai 2018 akampeleka DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki wa Toronto, kwa timu ya San Antonio ili ampate Leonard pamoja na Danny Green. Leonard alikuwa amecheza michezo 9 tu msimu uliotangulia kwa sababu ya jeraha la paja, na kila mtu alijua kwamba baada ya mwaka mmoja angeweza kuondoka.

Badala ya kumtumia kila usiku ili kuthibitisha kwamba biashara ile ilikuwa na faida, timu iliamua kumpumzisha mara kwa mara. Bila yeye walishinda michezo 17 na kupoteza 5. Katika usiku kama huo Pascal Siakam wa Kamerun alijifunza kubeba timu, na wastani wake ukapanda kutoka pointi 7.3 hadi 16.9 kwa mchezo, huku Fred VanVleet, ambaye hakuna timu iliyomchagua siku ya usajili wa vijana mwaka 2016, akizoea kuongoza mashambulizi. Mwezi Februari akaongezwa Marc Gasol kutoka Memphis, na ulinzi ukakamilika.

Faida ilionekana kwenye mchujo. Orlando iliwashtua katika mchezo wa kwanza, lakini haikushinda tena. Philadelphia ilihitaji michezo saba, na wa mwisho, tarehe 12 Mei, uliamuliwa kwa 92-90 na mtupo ule maarufu, Leonard akiwa amefunga pointi 41. Halafu Milwaukee ya Giannis Antetokounmpo ikatangulia kwa michezo miwili. Katika mchezo wa tatu, uliokwenda hadi muda wa nyongeza wa pili, Leonard alicheza dakika 52 huku akichechemea, akafunga 36 na kushirikiana na wenzake kumzuia Giannis. Kwangu mimi huo ndio mchezo mkubwa zaidi wa msimu mzima. Mtu asiyepumzishwa majira ya baridi asingeweza kustahimili dakika hizo mwezi Mei. Raptors walishinda michezo minne mfululizo na kuingia fainali yao ya kwanza.

Fainali dhidi ya Golden State ilianza kwa Siakam kufunga pointi 32, mitupo 14 kati ya 17 ikiingia. Mchezo wa sita, uliochezwa Oakland usiku wa tarehe 13 Juni wakati Afrika Mashariki ikikaribia mapambazuko ya tarehe 14, ulimalizika kwa Raptors kushinda 114-110 na kutwaa ubingwa. Kyle Lowry wa Raptors alifunga pointi 11 za mwanzo za timu yake, na VanVleet akafunga 12 katika robo ya mwisho. Wapo wanaosema kwamba majeraha ya Kevin Durant na Klay Thompson wa Golden State ndiyo yaliyoamua. Yaliuma kuyatazama, na yaliibadilisha fainali, lakini Toronto ilikuwa mbele kwa michezo mitatu kwa mmoja kabla Durant hajarejea na kuumia tena.

Leonard alichaguliwa mchezaji bora wa fainali, kisha Julai akahamia Los Angeles Clippers. Msimu uliofuata, ambao ulifupishwa na janga la korona, Raptors wasio na Leonard walishinda michezo 53 na kupoteza 19, asilimia ya ushindi iliyo bora kuliko ya msimu wa ubingwa, na Nurse akatangazwa kocha bora wa mwaka.