Droo ya sanduku la mazingaombwe ilipogoma Tanga, na nilivyoitengeneza

Kikundi chetu cha mazingaombwe kinazunguka mikoani na Noah moja, na kinachotulisha ni sanduku la mbao lenye droo ya siri. Fundi alilitengeneza Dodoma wakati wa kiangazi, na huko droo iliteleza bila sauti. Tulifika Tanga mwezi wa nne. Siku ya tatu ikagoma. Watoto wa Ngamiani wameshakaa kwenye mikeka, mimi navuta, nayo inalia kwii! Kwenye mazingaombwe sauti ile ni msiba, macho yote yanahamia pale usipotaka.

Usiku ule nilishika randa. Mzee mmoja seremala, jirani wa tulikofikia, akanizuia: "Mwanangu, mbao imekunywa unyevu. Ukiiranda leo, ukirudi Dodoma itapwaya." Akanionyesha kwa kidole: mbao huvimba zaidi kwa upana, kukatiza nyuzi zake, kwa urefu kidogo mno. Ndiyo maana droo ilibana juu na chini tu.

Tukaiweka jikoni kwake siku mbili, mbali kidogo na jiko la mkaa isije ikapinda. Nikapitisha msasa laini kwenye kingo zilizong'aa kwa msuguano, basi. Kisha vanishi pande zote, hasa kwenye vichwa vya mbao, ambako nyuzi zimekatwa na unyevu hupenya upesi. Fundi wa kwanza alipaka nje peke yake. Mwisho nikasugua mshumaa kwenye reli.

Pangani tulicheza karibu na mto, mvua imetoka kunyesha. Droo ikateleza kimya.